Kisu Kilichozimwa kwa Maji

Nyang'au alikuja shamba la chai la Boito akiwa kijana wa kupogoa, akasema atakaa misimu miwili tu. Sasa ana mvi, na bado analala katika chumba kile kile cha kambi, mlango wa nane kutoka kwa bomba. Chumba ni cha shamba. Ukiacha kazi, unaacha na chumba. Na kwao Nyamira, ndugu zake waligawana ardhi hadi mpaka ukafika kwenye ukuta wa jikoni.

Siku hizi yeye ndiye fundi wa majembe na visu vya kupogolea, katika kibanda cha mabati nyuma ya stoo. Chuma anakijua. Akiokota kipande, anakigusisha kwenye jiwe la kunolea na kuangalia cheche. Zikiwa chache na ndefu, anatupa: hicho ni chuma laini cha dirisha, hakishiki makali. Zikipasukapasuka kama mahindi kikaangoni, anatabasamu.

Kisu chake mwenyewe ni cheusi tititi. Vijana wageni husugua vyao kwa mchanga ving'ae, na mvua mbili tu zikinyesha, kutu imeshaingia.

"Utomvu wa chai ndio umekitia weusi," huwaambia. "Mwache bwana kisu avae nguo yake. Wewe mpanguse tu, umpake mafuta kidogo, ulale."

Mwezi wa tano alikuja Kiptanui, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma pale Litein. Alitaka kisu cha msituni, kama vile vya wawindaji wa zamani. Wateja wake ni watu wanaotembea na mbwa wakilinda mahindi dhidi ya nguruwe mwitu.

"Nifanyie cha kung'aa, mzee."

"Kinachong'aa kama sahani kitakusumbua kunoa. Ukiwa huko porini una jiwe la mtoni tu. Niletee springi ya lori. Ikitoka motoni haipendi maji, hupasuka, na itashika kutu ukiizembea, lakini makali utayaona."

Kiptanui akacheka. "Basi nifanyie kimoja, Jumamosi nikione. Kikiwa sawa, njoo Litein kabisa. Kuna meza ya kazi, na kuna chumba nyuma ya karakana."

Kuna chumba! Nyang'au akachukua kipande cha mkaa, akaanza kuchora kisu kwenye ubao hapo hapo.

Taabu ilikuwa moja. Kufanya kazi ya nje ndani ya kibanda cha shamba ni marufuku, na nyapara Ogada alikuwa ameshamwonya mara mbili. Ya tatu ni kufunganya virago. Kwa hiyo akawa anaiba saa ya chakula. Jumatatu akakata springi aliyoletewa, Jumanne na Jumatano akaifua, Alhamisi akaichonga kwa tupa hadi ikawa na tumbo zuri kama jani la mwanzi.

Ijumaa ikabaki kuzima, yaani kukichovya kikiwa chekundu ili kiwe kigumu. Hapo ndipo kisu huzaliwa au hufa. Alikitia motoni, akawa anakijaribu kwa sumaku. Sumaku ilipokataa kushika, akajua kimeiva. Mkebe wa oili chafu ya gari ulikuwa kando, umepashwa moto. Springi huzimwa kwa oili, halafu hurudishwa kwenye moto mdogo hadi ipate rangi ya asali, isiwe ngumu kama kioo.

Akasikia viatu vya gambuti kwenye changarawe, na kikohozi cha Ogada.

Oili ingetoa moshi na harufu ya gereji. Maji hulia tu, kama yanavyolia kwa majembe kila siku. Mkono wake ukaamua kabla yake. Akakichovya kisu kwenye ndoo ya maji.

*Shshsh.* Halafu, chini kabisa ya ndoo, *ti.*

"Wewe Nyang'au, hata saa ya chakula unapika majembe?" Ogada aliuliza mlangoni.

"Yamekuwa mengi, bosi."

"Utakufa na hili shamba, mzee!" Akaenda zake akicheka.

Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, karibu na mahali pa mpini. Jioni mkewe, Mongina, alikisogeza kisu kwenye taa.

"Baba Esnah, hapa si mbao ya mpini itafunika?"

"Itafunika."

"Sasa?"

"Sasa kitavunjikia mkononi mwa mtu, nguruwe akiwa mbele yake."

Mongina akakirudisha mezani taratibu, akaanza kukatakata sukuma wiki. 

Jumamosi alikipeleka hivyo hivyo, bila mpini. Kiptanui akapitisha kucha juu ya ufa.

"Ni wewe uliniambia springi haipendi maji."

"Ni mimi."

"Ilikuwaje?"

"Niliogopa mtu."

Kiptanui akakiweka mezani. Kisha akatoa kisu kingine chini ya meza, cheupe, kinameta. "Jamaa wa Kaplong ameniletea hiki jana. Ni cha kung'aa, lakini ni kizima. Pole, mzee. Meza nimempa."

Nyang'au akarudi Boito. Jumatatu kibandani akawasha moto wa majembe kama kawaida. Lakini mkebe wa oili aliuweka kando ya makaa upate joto, ingawa hakukuwa na kisu chochote cha kuzima. Keshoye akauweka tena. Mpaka leo anauweka, kila siku saa ya chakula, na Ogada ameshaizoea ile harufu. Siku ikija springi nyingine, hakuna atakayeuliza.