Maumivu yalikuwa nane, wakamwandikia mbili

Saa mbili kasorobo asubuhi, na mwanamke mwenye koti jeupe lililoisha kola ameshafika mlangoni mara ya nne. Anachungulia korido, anarudi ndani, anasogeza godoro la sponji kwa ncha ya kiatu, anakwenda tena mlangoni. Kiti kipo pembeni. Hakuna mtu hospitalini hapa aliyewahi kumwona amekikalia.

"Mkuu kasema saa nne," anasema, na wala hajaulizwa. "Itakuwa saa nne na nusu, maana ana kikao. Kikao chenyewe nakijua, ni chai."

Nyuma yake wasichana tisa wamelala chali, magoti juu, nyayo sakafuni. Anapita katikati yao akihesabu.

"Pandisha nyonga. Shikilia. Wewe wa mwisho, pumua, hujazama majini! Haya, shusha polepole. Nimesema polepole, hiyo ni nyonga si gunia!"

Wanaangua kicheko, nyonga zinaanguka zote kwa mpigo, na yeye anaanza kuhesabu upya.

Ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwaka wa kumi na tisa kazini. Wasichana wamempachika jina la Shangazi Nyonga. Analijua, na akiitwa anaitika.

Kazi anayolipwa ni migongo ya wazee, mikono iliyotoka kwenye plasta na watu waliopooza upande. Hiyo huanza saa mbili na nusu. Lakini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anafika saa moja, bila senti ya ziada, na kufungua chumba hiki kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu. Humo anawafundisha wasichana wenye maumivu makali ya hedhi kunyoosha kiuno, kukaza misuli ya tumbo na kuvuta pumzi hadi chini. Nusu saa kila siku ya zoezi, kwa wiki nane.

"Wengi wanataka kuja siku ya maumivu tu," anasema. "Siku hiyo unajinyoosha kidogo, unapumua, basi. Kazi yenyewe ni zile siku nyingine, ukiwa mzima na mvivu. Mtu anataka dawa ya siku moja. Mimi sina."

Alianza kwa aibu yake mwenyewe, na haifichi. Miaka mitatu iliyopita binti yake mkubwa alikosa mtihani wa mwisho wa hesabu. Asubuhi hiyo alikuwa sakafuni bafuni, amekumbatia magoti, anatapika. Mama mtu alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Nikamwambia vumilia. Mimi! Mzee wa watu akiumwa kiuno namwambia baba, njoo tukione. Mwanangu wa kumzaa namwambia vumilia, kwa sababu mama yangu aliniambia hivyo hivyo. Nikaenda zangu kazini kuwakanda wengine."

Kundi la sasa lina wasichana ishirini na wawili. Walipojiandikisha aliwauliza kila mmoja hupoteza siku ngapi kwa mwezi. Akajumlisha, akapata siku arobaini na tatu, za darasani na za kazini. Mwenye kibarua akikosa siku halipwi. Akikosa mara tatu, getini yupo mwingine anasubiri.

Tatizo ni chumba. Hospitali imejaa mafaili hadi ngazini, na mkuu wa hospitali anatafuta pa kuyaweka. Alimpa Shangazi Nyonga miezi miwili: alete takwimu za kuonyesha mazoezi yanasaidia, au arudishe ufunguo. Miezi hiyo inaisha leo saa nne.

Takwimu alikuwa nazo, tena nzuri. Kila msichana alipewa kadi yenye mstari wa sifuri hadi kumi. Sifuri ni huna maumivu, kumi ni huwezi hata kusema. Kila hedhi ikipita, anatia alama mbele ya Shangazi. Wengi walianza na nane au tisa. Kufikia hedhi ya pili kadi zilikuwa zinasoma mbili, moja, mbili.

"Nikazibandika ukutani. Aliyeshuka nampigia makofi, na wenzake wanapiga. Asiyeshuka namwambia ongeza bidii." Anaugeukia ukuta, sasa mtupu. "Hapo ndipo nilipoharibu."

Jumatano ya wiki iliyopita, msimamizi wa kiwanda cha nguo alimleta msichana mmoja, amemshika kwapani. Ni fundi cherehani, ana miaka ishirini na mmoja, na alikuwa ameanguka juu ya mashine yake. Midomo ilikuwa myeupe. Kadi yake ukutani ilisoma mbili.

"Mbona uliandika mbili?" Shangazi alimuuliza alipopata nafuu.

"Ilikuwa nane, Shangazi."

"Nane! Na mwezi uliopita?"

"Nane hiyo hiyo."

"Sasa mwanangu, kwa nini?"

"Ulikuwa unafurahi sana," fundi alisema. "Halafu tulisikia watakunyang'anya chumba."

Siku hiyo Shangazi hakuweza kutulia. Alimkanda mzee mmoja bega la kushoto dakika kumi nzima, na mzee akamkumbusha kwa adabu kwamba bovu ni la kulia.

Ijumaa aliwauliza wote. Hakugomba. Alisema tu, "Nani mwingine kaniandikia uongo?" Mikono ikaanza kupanda, mmoja, miwili, hadi kumi na mmoja. Mwanafunzi mmoja wa chuo, mwenye mdomo mwepesi, ndiye aliyemalizia.

"Shangazi, wewe ukiona nane unanyong'onyea kama umefiwa. Nani atakubali kukufanyia msiba kila mwezi?"

Wakacheka. Yeye alicheka pia, kisha akatoka, akaenda kusimama nyuma ya jengo, kwenye mabomba.

Jumatatu alikuja na boksi la viatu lililotobolewa mfuniko. Akazibandua kadi. Akampa kila mmoja karatasi, aweke alama anayoijua mwenyewe badala ya jina, aandike maumivu ya kweli ya mwanzo na ya sasa. Kisha akatoka na kufunga mlango. Waliokosekana siku hiyo waliandika Jumatano.

Ukweli ulikuwa huu: kumi na watatu walipata nafuu ya kutosha kwenda kazini au darasani bila kukosa. Sita walipata nafuu kidogo. Watatu hawakupata kitu.

Hao watatu aliwaomba wajitokeze, wakajitokeza. Amewapeleka kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Wawili bado wanafanyiwa vipimo. Fundi cherehani amekutwa na uvimbe kwenye kifuko cha mayai, na atafanyiwa upasuaji mwezi ujao. Kunyoosha kiuno kusingeuondoa hata mwaka mzima.

Fundi mwenyewe ameruhusu habari yake itoke. "Andika tu," anasema. "Kuna mwenzangu huko mahali, naye anaandika mbili."

Saa nne na dakika ishirini Shangazi anaingia ofisini kwa mkuu na mafungu mawili: kadi za ukutani na karatasi za boksi. Mkuu anasoma la kwanza, anatabasamu. Anasoma la pili, tabasamu linakatika.

"Kwa hiyo haya majibu ya kwanza ni uongo?"

"Ni uongo, mkuu. Waliniandikia kunifurahisha."

"Na ungeniletea haya ya kwanza peke yake, mimi ningejuaje?"

"Usingejua."

Mkuu anafungua la pili tena. Anagonga meza kwa kidole, pale penye wale watatu. "Hawa wangekuwa wapi sasa?"

"Kwenye magodoro yangu. Wanapandisha nyonga na kunipigia makofi."

Shangazi anahamisha uzito mguu huu hadi ule.

"Makabati yanakuja Jumatatu," mkuu anasema hatimaye. "Yatakaa ukuta mmoja. Upande wa pili ni wako, miezi mitatu mingine. Na hilo boksi lako liendelee."

Nusu chumba! Anarudi chumbani karibu anakimbia, chaki mkononi, na kuanza kuchora mistari sakafuni. Yanaingia magodoro matano, sita kwa kubanana. Itabidi makundi yawe manne, na yeye afike saa kumi na mbili unusu.

"Nitafika," anasema akiwa amepiga magoti. "Kundi lijalo makofi marufuku. Na boksi lenyewe sitaki lidumu. Nataka msichana aje aniambie nane usoni, asiogope uso wangu."

Mlangoni amesimama fundi cherehani, kaja kuchukua barua ya daktari ya kupeleka kiwandani. Anamwangalia Shangazi, anaangalia boksi, halafu anaacha kuliangalia.

"Shangazi. Leo ni nane na nusu."

Mikono ya Shangazi inainuka, haina pa kwenda, inaingia mifukoni. Uso wake unataka kunyong'onyea, anauzuia. Anaitupa chaki, anamlaza msichana kwenye godoro lililo karibu, anamwekea mto chini ya magoti.

Kisha anakivuta kile kiti, na anakaa.

"Haya, mwanangu," anasema. "Inauma wapi?"