Kiti cha Umeme na Nusu Gunia la Korosho

Mitumba ya kila aina ilipoanza kufika Masasi, mimi na mama tulikuta huko kiti cha magurudumu cha umeme. Muuzaji alikiendesha kwenye sakafu ya saruji, kikaenda vizuri. Miguu yangu haitembei, na kwenye mchanga wa Newala mama ndiye aliyekuwa akinisukuma. Kwetu hata baiskeli hainunuliwi kabla ya kupakiwa mzigo, hivyo mama akaomba nusu gunia la korosho la kukijaribia.

Muuzaji akacheka. "Mama, hiki kiti cha mgonjwa, si punda!"

Nilikuwa na haya, lakini nikasema, "Mzee, mimi si mgonjwa. Nataka kubeba korosho zetu."

Mama na muuzaji wakaniwekea lile nusu gunia mapajani, nikatoka nje. Mchangani kiti kilinguruma, kikazama kidogo, kisha kikapanda. Mama alinyoosha mikono anisukume, akakuta nimeshapita.