Nani Atautengeneza Ukuta wa Baba

Ilianza Jumanne ya wiki ya pili ya likizo ya Aprili, saa kumi na dakika ishirini jioni. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimelala nikiitazama ile saa ya ukutani ambayo Baba alipewa kanisani, nikingoja mvua ipungue niende kuanua nguo ambazo tayari zilikuwa zimelowa. Chini ya saa, rangi ilikuwa imevimba kama lengelenge la mguu. Nikaibonyeza kwa kidole. Ikapasuka, maji ya kahawia yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko, na nyuma ya rangi nikaona kuvu jeusi lenye manyoya, limeenea hadi nyuma ya kabati.

Hicho kilikuwa chumba cha Baba na Mama. Baba alipofariki mwaka jana, mwezi wa nane, Mama alihamia sebuleni, hakutaka tena kulala humo. Mimi nikaingia. Hakuna aliyeniambia niingie. Nilivuta tu godoro langu siku moja Mama akiwa kazini, kwa sababu kabati lilikuwa bado lina harufu ya mashati yake. Sasa kabati linanuka kuvu, na mimi nakohoa.

Alama ya maji tuliiona tangu Oktoba. Desemba, wageni wa Krismasi walipokaribia, Mama na wenzake wa kanisani waliipaka rangi ya mafuta, mara mbili, ukuta ukang'aa kama sahani. Tukadhani tumemaliza. Kumbe tulikuwa tumeyafungia maji ndani.

Jumatano Mama alinipeleka kliniki. Daktari akasikiliza kifua changu, akauliza ninalala wapi. Mama akajibu badala yangu, kama kawaida. Mimi si msemaji. Shuleni hata jina langu likiitwa asubuhi nainua mkono tu, na mwalimu wa darasa huwaambia wenzangu, "Huyu sauti yake ameiacha nyumbani." Nyumbani nako siitumii sana.

Daktari alisema nisilale kwenye chumba chenye kuvu, na ukuta utafutiwe dawa. Tulipotoka nje Mama akampigia shangazi aliye Homa Bay. Nilisikia upande mmoja tu wa maongezi, lakini ulitosha. Karibu na kwa shangazi kuna shule ya kutwa, na nafasi ipo.

"Kama nyumba haitakuwa imekauka shule zikifunguliwa," Mama akasema akirudisha simu kwenye mkoba, "utaenda kukaa huko. Siwezi kukuzika wewe pia."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Kwa shangazi kuna watu wanane na kicheko kingi, na ziwa linaonekana ukisimama mlangoni. Hapa Awendo tuko wawili, na Mama hutoka alfajiri kwenda kuuza mitumba. Lakini upweke wa nyumbani nimeuzoea, tunajuana. Nilipokaa kwa shangazi mwaka juzi nilikuwa nikienda chooni bila haja, ili tu nikae peke yangu. Halafu nikihama, nani atalala kwenye chumba cha Baba? Kitafungwa. Kitaoza chote.

Kwa hiyo ilibidi fundi apatikane, tena fundi mzuri. Lakini baba mdogo, ndugu yake Baba anayekaa boma la pili, aliweka sharti.

"Wafanye watakavyo kwa ukuta," akamwambia Mama. "Lakini hakuna mwanaume wa nje atapanda juu ya nyumba ya mjane kabla ya maombi ya mwaka mmoja wa marehemu kuisha. Hiyo unajua."

Mama ni mtu wa kanisa, hayo mambo ya mila hayaamini sana. Lakini hakubisha. Akasema, "Nimesikia, shemeji."

Alhamisi akaja fundi wa kwanza, mshirika wa kanisani kutoka Uriri. Akaugonga ukuta mara mbili, akasema tukwangue, tutie klorini, tupake rangi nzito zaidi.

"Siku mbili tu, mama. Utasahau kulikuwa na kitu."

"Ndivyo mlisema Desemba," Mama akajibu.

"Desemba mlinunua rangi nyepesi." Akanywa chai, akaenda.

Ijumaa ikaja kampuni kutoka Homa Bay, ile shangazi aliyoipendekeza. Wanaume wawili wenye jaketi za kung'aa, gari lina maandishi ubavuni. Walikuja na kamashine kenye sindano mbili. Mmoja akachuchumaa, akazidunga ukutani karibu na sakafu, kakalia pii-pii-pii. Mama akashtuka kama amepimwa yeye mwenyewe. Wakasema maji yanatoka ardhini, yanapanda. Dawa yake ni kuvunja sakafu, kutandika polithini, kubandua plasta yote na kuacha nyumba wazi ikauke mwezi mzima.

"Na sisi tukae wapi?" Mama akauliza.

"Mnaweza kuhama kwa muda, madam. Wengi huhama."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Niliona kwamba yule mwenye kamashine hakuwahi kupima juu ya magoti yake. Nikaliandika hilo kwenye daftari langu, sikulisema.

Jumamosi alikuja wa tatu, fundi Mkuria kutoka Ntimaru, kule mpakani na Tanzania. Alikuwa anajenga choo cha shule hapa karibu, na mteja mmoja wa Mama ndiye aliyemleta. Hakuwa na gari. Alikuwa na nyundo kiunoni na kofia ya kusukwa. Baba mdogo alikuwepo, akamwangalia kutoka viatuni kwenda juu.

"Sasa tumefika kuita watu wa mpakani?"

"Mzee, mvua haiulizi mtu kabila," fundi akasema, naye akacheka peke yake.

Aliweka kiganja ukutani chini, akakipandisha polepole mpaka mkono ulipoishia, kisha akapanda kiti, akaendelea hadi kwenye dari. Akanusa kiganja. Akamwita Mama aguse naye.

"Chini ni baridi. Juu ni maji. Hii maji inashuka, mama, haipandi. Mimi siwezi kutibu ukuta kabla sijaona mabati."

"Mabati hapana," baba mdogo akasema.

"Sawa, mzee. Basi niambieni, huko juu kuliwahi kuwekwa kitu? Antena? Spika?"

"Hapana," Mama akasema. "Hakuna."

Baba mdogo alikuwa anaangalia simu yake. Fundi akaniangalia mimi, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyeinama.

Jibu nilikuwa nalo. Siku ya matanga, siku moja kabla ya kumzika Baba, nilikuwa nimejificha nyuma ya nyumba kwa sababu kila mgeni alitaka kunikumbatia. Akaja kijana wa muziki na spika kubwa. Akavua viatu, akaniambia, "Sista, nishikie," akapanda. Akapigilia mti wa kushikia spika kwa misumari mirefu, ikapenya mabati. Mwili wa Baba ulikuwa ndani ya nyumba. Kila nyundo ilipopiga niliogopa itamwamsha, halafu nikatamani imwamshe. Nilivikumbatia viatu vya mtu nisiyemjua mpaka aliposhuka. Baada ya mazishi waling'oa mti wao, wakaenda. Mama hangejua. Alikuwa sebuleni, ameketi katikati ya wanawake, hasikii kitu.

Nilijua tangu Oktoba. Wacha niandike ukweli. Alama ilipotokea karibu na dari nilijua inatoka wapi, na nikanyamaza miezi yote hiyo, kwa sababu kuitaja ilikuwa ni kuitaja siku ile. Nikaona afadhali kukohoa.

Fundi akabeba nyundo yake. "Mkikubaliana, niko pale shuleni," akasema, akaondoka. Mama akakaa kwenye kiti alichokiacha.

"Basi nitaita ile kampuni," akasema. "Angalau wana mashine." Kisha bila kunitazama: "Kesho tukitoka kanisani tupange nguo zako."

"Ni spika," nikasema.

"Nini?"

"Ya matanga. Iliwekwa juu ya chumba. Na misumari."

Sauti yangu ilitoka ndogo, ikabidi nirudie yote. Niliporudia nikawa siwezi kuacha. Nikasema kuhusu viatu. Nikasema kuhusu nyundo. Nikasema pia lile ambalo sikutaka, kwamba baba mdogo ndiye aliyekuwa chini akielekeza, "Weka hapo juu kabisa, wasikie mpaka kiwanda cha sukari."

Kuku aliingia, akatoka.

"Huyu mtoto huwa anaongea?" baba mdogo akasema.

"Shemeji," Mama akasema, polepole, "siku ile nilikuwa mjane ama sikuwa?"

Baba mdogo akavaa kofia, akaivua tena.

"Yule kijana alikuwa na haraka," akasema mwishowe. Alipofika mlangoni akaongeza, akiwa ametupa mgongo, "Ngazi iko kwangu. Ni nzito. Nitaileta mwenyewe."

Mama hakunikumbatia. Alinitazama kwa muda kana kwamba ndio nimefika kutoka safari, akauliza, "Mbona ulibeba hiyo peke yako?" Akaenda shuleni kumwambia fundi aje.

Asubuhi yake hatukwenda ibada ya kwanza. Baba mdogo alileta ngazi, akaishikilia kwa mikono yote miwili huku akiangalia barabara. Fundi alikuwa amebandua ubao mmoja wa dari uliooza. Akaniambia kwamba kutoka juu matundu hayaonekani, kutu na vumbi vimeyaficha, lakini kutoka ndani yatawaka kwa mwanga, nimwonyeshe kwa vijiti.

Nikachomoa vijiti kwenye ufagio, nikapanda meza ya Baba, nikapitisha kichwa gizani. Yalikuwepo. Matatu, yamepangana, kila moja likiwa na uzi wa mwanga. Nilimsikia fundi akitembea juu yangu taratibu, mahali palepale pa siku ile.

"Haya, binti! Toa ya kwanza!"

Nikasukuma kijiti kwenye tundu. Kikakaa sekunde moja. Kisha nikahisi mtu wa upande wa pili amekishika, akakivuta kidogo, kunijulisha amekiona.

"Ingine!"

Nikachukua kijiti cha pili. "Hii hapa," nikasema, kwa sauti ya kumfikia.