Hedifoni za Karani wa Ghorofa ya Tano

Siku ya kwanza Dereva alipotoka kwenye lifti yake akaja hadi mezani kwa Mama Chaja, hakuuliza bei. Hilo Mama Chaja aliliona mara moja. Alikuwa na miaka minne chini ya ngazi za jengo lile la ofisi, akiuza chaja, waya, makava ya simu na vitu vya masikioni, na wateja alishawajua: anayeanza na bei ama hana hela, ama anazo na hataki zijulikane. Huyu alishika hedifoni kubwa, za kufunika sikio zima, akazigeuzageuza, akauliza:

"Mama, mtu akivaa hizi, bado anaongea?"

"Kaka, hizi ni za kusikilizia. Kuongea ataongea kwa mdomo wake."

"Najua. Nauliza kama anabaki na hamu ya kuongea."

Mama Chaja akaweka chini chaja aliyokuwa akiifuta vumbi. Biashara ya namna hii hakuwa ameiona.

Dereva hakuwa dereva wa gari. Aliendesha lifti. Ilikuwa lifti ya zamani, yenye mlango wa wavu wa chuma unaovutwa kwa mkono, na bila mtu wa kushika mpini haiendi popote. Kwa miaka tisa alikaa humo juu ya kigoda, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, akipanda na kushuka ghorofa saba. Wapangaji ndio waliompa jina, wakimtania kwamba yeye ni dereva pekee anayefanya kazi kutwa nzima na jioni akakutwa palepale alipoanzia.

"Hizi ni za nani?" Mama Chaja aliuliza. Hakuwa na desturi ya kuuza kitu cha kichwani bila kujua kichwa chenyewe.

"Za rafiki yangu. Karani."

Basi hapo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Karani wa ofisi ya jengo, ghorofa ya tano, sauti yake ilipenya ule wavu ikamfikia Mama Chaja kila asubuhi. Yeye na Dereva walikua mlango kwa mlango, wakakaa dawati moja shuleni. Dereva alipokosa kazi, Karani ndiye aliyemwingiza kwenye lifti. Ni wema wa kweli, hata Dereva mwenyewe hakuukataa. Tabu ni kwamba Karani aliusimulia kila alipopanda, na alipanda mara nne kwa siku.

"Mnamwona mdogo wangu huyu?" huwaambia abiria. "Alinijia na viatu, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. Nikamwambia, tulia, kaka yako nipo."

Mwaka wa kwanza viatu vilikuwa vimechakaa tu. Mwaka wa nne ndipo vikawa vya rangi mbili. Siku hizi kimoja kilikuwa cha kike. Abiria hucheka, na Dereva hucheka nao huku ameshika mpini, maana hana pa kwenda. Mwenye duka akichoka na mtu huingia stoo. Mwenye lifti ataingia wapi?

"Si umwambie akome," Mama Chaja alisema.

"Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja. Orodha ya wanaoendelea anaiandika nani?"

Mama Chaja akaanza kazi.

Vile vidogo vya kuchomeka masikioni alivitupa kando mwenyewe. "Hivi akitaka kusema neno anachomoa kimoja, anasema." Nyekundu zenye taa Dereva alizipenda, yeye akamkatalia: Karani ni mtu wa tai, mkanda na viatu lazima vifanane, kitu cha kumwaibisha atakifungia kwenye droo. Mwishowe akainama chini ya meza, akatoa zilizokuwa bado ndani ya boksi. Rangi ya kahawia iliyoiva, mito laini kama ngozi, ukingo mwembamba wa dhahabu. Zinakunjwa, zinaingia kwenye mfuko wake mdogo, mtu anatembea nazo kokote.

"Hizi hatazivua," alisema. "Atataka aonekane nazo."

"Bei?"

"Mshahara wako wa siku kumi."

"Mama, nina watoto. Tano."

"Kwa tano nakupa boksi lake. Jaribu kwanza, maneno baadaye."

Akamvisha, akafungulia muziki kwenye simu yake. Uso wa Dereva ukalainika. "Sauti nzuri sana," akasema, na watu wote waliokuwa wakisubiri lifti wakageuka, kwa sababu alikuwa amepaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya pili ya barabara.

Mama Chaja aliliona hilo. Aliona na maana yake. Lakini mkono wa Dereva ulishaingia mfukoni, na yeye hakujenga nyumba ya vyumba vitatu kwa kuwakumbusha wateja mambo. Wakakubaliana siku nane.

Karani alizipokea kwa furaha ya mtoto. Kwa siku mbili lifti ilikuwa kimya, Dereva akawa anapita mezani kwa Mama Chaja akitembea kwa madaha. Siku ya tatu Karani akazizoea, na hadithi ikarudi, safari hii kwa kelele.

"MNAZIONA HIZI? KANINUNULIA MDOGO WANGU HUYU. ALIKUJA KWANGU NA KIATU CHA KIKE."

Zaidi ya hapo, hakusikia tena anapoambiwa ghorofa ya tano imefika. Lifti hufika ya saba, hushuka, na yeye yumo, anatikisa kichwa na kusimulia.

"Mama, umeniuzia balaa," Dereva alisema.

"Ulitaka zitakazompendeza. Zimempendeza." Na zilimpendeza hasa: Karani alikuwa ameshamletea Mama Chaja wateja sita waliotaka kama zile.

Kilichofuata Dereva alikigundua mwenyewe. Asubuhi moja, Karani alipofika kwenye viatu, Dereva alijibu bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida: "Vyote vilikuwa vyeusi. Na vya kiume." Karani akaendelea kutabasamu na muziki wake. Abiria wakaangua kicheko, na kwa mara ya kwanza hawakumcheka Dereva.

Wiki tatu mambo yakawa hivyo. Mmoja anapiga kelele, mwingine anamjibu polepole, na watu wa ghorofa ya pili, ambao huwa wanatumia ngazi, wakaanza kupanda lifti makusudi. Mama Chaja alimwonya mara moja. "Kaka, hizo zinatumia betri." Dereva akacheka. Ladha ilikuwa imeshamkolea.

Betri ilikata kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, siku ya Jumanne. Karani hakuzivua, alikuwa anatafuta tatizo kwenye simu yake. Dereva akasema anachokisema kila siku, na siku hiyo akaongeza: "Uliponipa kazi nilikushukuru. Miaka tisa unanidai shukrani ileile. Ningejua, ningebaki nyumbani na viatu vyangu. Shuka unipumzishe, bwana."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamekwisha kuuona uso wa Karani.

"Kumbe," Karani alisema. Akazishusha hedifoni zikakaa shingoni. "Nishushe hapa."

"Kaka, hii ni ya nne."

"Naona."

Tangu siku hiyo anapanda kwa ngazi. Ana goti bovu, kila ngazi kumi husimama. Ngazi zinaizunguka lifti, kwa hiyo Dereva humpita akiwa ndani ya wavu wake, humwona mgongo, humsikia akihema. Mara mbili alisimamisha lifti akavuta mlango. "Kaka, panda." Karani alivaa hedifoni, akaendelea.

Mwisho wa mwaka Dereva aliingojea orodha kama mgonjwa anavyongojea majibu. Jina lake lilikuwemo, mwaka mmoja, kama kawaida. Karatasi ililetwa na tarishi. Miaka yote Karani huileta mwenyewe, na siku hiyo huinunulia lifti nzima soda.

Dereva alikuja kumwonyesha Mama Chaja ule mkataba.

"Kazi unayo," Mama Chaja alisema, "na kimya unacho. Siku nane si ghali."

Dereva aliangalia juu, kwenye ngazi, ambako viatu vya mtu vilikuwa vikishuka taratibu.

"Akipita hapa kwako, hanitaji?"

"Juzi alinunua chaja. Hakukutaja."

"Hata vile viatu?"

"Hata viatu."

Kengele ikalia, ghorofa ya sita. Dereva akakunja karatasi yake, akaingia, akavuta wavu.