Vidato Vitatu vya Mzee Kenchi

Zamani seremala alishushwa kutoka paani na Mungu tu. Siku hizi anashushwa na nesi mwenye karatasi.

Mzee Kenchi, aliyepewa jina la zile mbao zinazobeba paa kwa kuwa hakuna paa la mtaa ule lisilopita mikononi mwake, alikuwa mwaka wa pili akichomwa sindano za saratani ya tezi dume. Ugonjwa ulikuwa umebanwa kweli kweli. Lakini sindano hizo, nesi alimweleza, hupunguza homoni za kiume, na homoni zikipungua, mifupa nayo hudhoofika kimya kimya.

"Babu, kipimo kinaonyesha nyonga imeanza kulegea. Vidonge vya kalsiamu na vitamini D kila siku, utembee sana, sigara uache. Na ngazi usikanyage tena. Ukianguka, nyonga hiyo haina fundi."

"Mjukuu wangu, fundi ni mimi."

Nyumbani akafanya alichozifanyia mbao kwa miaka hamsini: alishika nyundo, akagonga muundi, akatega sikio. Mbao iliyobunguliwa hulia kama debe tupu. Muundi wake ulilia ko!

"Umesikia, mama watoto? Mninga mtupu!"

"Nimesikia," mkewe akajibu kutoka jikoni. "Sasa gonga na kichwa, tulinganishe."

Vidonge akavifukia kwenye kopo la misumari. Alikuwa na haraka: paa la binti yao lilibaki upande mmoja, na mafundi wa sasa hupigilia misumari kama wanaua nyoka. Apande nani?

Asubuhi akaikuta ngazi ukutani, haina vidato vitatu vya chini. Akainua mguu, haukufika. Akajaribu kuruka, goti likamcheka.

Mkewe alikuwa jikoni anachemsha maziwa, msumeno wa mumewe mapajani, kopo la misumari wazi mbele yake.

"Umeikata ngazi yangu!"

"Nimekata kwa mstari, baba watoto. Kagua. Nyonga ikivunjika nani atakubeba chooni, mgongo wangu huu? Utakwenda kwa binti yako kwa miguu, ukawafokee mafundi kutoka chini."

Akakagua. Mkato ulinyooka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akapokea kikombe cha maziwa na kidonge, akameza.

Vidato vyake vya mninga, alivyovichonga kabla hajaoa, aliviona mara ya mwisho vikiwaka chini ya sufuria, bila hata moshi.