Mkwaju wa Mke Mwenzangu

Nyuma ya jikoni kwetu, karibu na Migwani, kuna miti ya aina mbili ambayo haikupaswa kuwa jirani. Mmoja una haraka, mwingine hauna.

Wenye haraka ni mti wa matunda damu. Mama aliuleta kutoka kwao, kwenye vilima vilivyo juu ya Tawa, ambako asubuhi kuna ukungu na udongo haukauki hata ukiusahau. Huku kwetu Kitui majani yake mapana hulegea kabla ya saa sita, yakaning'inia kama nguo zilizoanikwa. Mama hakukubali kushindwa. Alisema aliolewa huku chini yeye, ulimi wake haukuolewa. Kila alipokwenda kwao alirudi na miche iliyofungwa kwenye gunia bichi, akaipanda pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, akaitandikia nyasi kavu shinani na kuizungushia miiba ili mbuzi wasiifikie. Mingi ilikufa. Iliyopona ilizaa upesi sana, matunda mekundu yenye umbo la yai, tuliyoyakata katikati na kuyala kwa kijiko. Maganda yake machungu tuliwatupia kuku, nao wakayageuzageuza na kuyaacha. Baada ya misimu michache mti hukonda, upepo ukauvunja, na mama akapanda gari tena kwenda Tawa.

Usio na haraka ni mkwaju. Huo niliupanda mimi.

Nilikuwa katika darasa la pili. Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na desturi ya kwenda mtoni kila mwaka kuokota ukwaju wa mwituni. Alirudi na kiondo kimejaa, tukakaa kivulini kubandua maganda, naye akazifinyanga nyama zake kuwa mabonge meusi. Mabonge mengine yalikuwa ya kutia uji wetu ukali. Mengine alimpelekea mama mmoja Mwislamu mwenye duka sokoni, ambaye Ramadhani ikikaribia hakutaka ukwaju wa mtu mwingine yeyote. Mimi nilikuwa nikifyonza mbegu. Siku moja nilizichimbia chache kando ya miche ya mama, kwa sababu nilimwona yeye akipanda, na sikuona kwa nini mbegu zangu zinyimwe maji. Moja ikaota.

Susu alipoiona alisimama na ndoo mkononi.

"Nani amepanda hiki?"

"Mimi, susu."

Aliweka ndoo chini, kisha akakaa chini yeye mwenyewe, palepale kwenye tope. Sikuwahi kumwona akikaa mchana bila kazi mkononi. Ndiyo maana nakumbuka.

Kwetu mkwaju haupandwi. Hujiotea wenyewe kando ya mito, kutoka kwenye mavi ya nyani na ndege, na kuupanda ni kuchukua kazi isiyo yako. Anayeupanda hufa mwaka ule unapozaa mara ya kwanza. Nyumbani hakuna aliyeniambia hayo. Niliyasikia shuleni, pale msichana niliyekaa naye dawati moja aliponiomba, kwa upole kabisa, nimwachie sweta yangu.

Nilikimbia nyumbani nikilia. Mama, ambaye huko vilimani kwao hawakuogopa mti wowote, alisema jambo lililoonekana rahisi kwake: "Si tuung'oe tu?"

"Huwezi kung'oa kilichopandwa na mkono wa mtu," susu akamjibu. "Ni kama kumng'oa mwenyewe."

Basi ukabaki. Ukanyweshwa maji ya vyombo, ukakua.

Nami nikakua, nikawa mtu wa kuuliza. Nilimwuliza susu ni nani aliyehesabu. Wangapi walipanda wakafa, na wangapi walipanda wakaishi wakanyamaza? Mkwaju huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa. Mzee akiupanda leo, si atakufa tu kwa uzee wake, kisha mti usingiziwe?

Susu hakuwahi kunijibu moja kwa moja. Aliniita mke mwenzake, kama nyanya wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mke mwenzangu," alisema, "wewe siku ya kuzaliwa ulimwomba mkunga kitambulisho."

Chuo kikuu kiliniongezea maneno tu. Kila likizo nilirudi na jipya. Kufikia wakati huo mkwaju ulikuwa umepita paa la jikoni, una kivuli kizuri cha alasiri, na matunda damu ya mama yaliyokuwa chini yake yalikuwa yakistahimili jua kuliko zamani. Lakini haukuwa umezaa hata ganda moja. Jambo hilo lilinikera, kwa sababu niliusubiri uzae ili nibaki hai mbele ya watu wote. Nilisema labda nyuki hawatoshi. Nilisema udongo una chumvi. Mwisho nikaamua ni maji ya mama, kwamba sabuni ya vyombo inaua maua, nikamhubiria habari ya sabuni siku nzima. Mama alimtazama susu. Susu akawatazama kuku.

Kisha likizo moja, mwisho wa mwaka, mvua ikiwa imetulia kidogo, niliamka mapema kuliko kawaida yangu. Nyuma ya jikoni nilimkuta susu ametandika leso yake chini ya mkwaju. Mkononi alikuwa na ufito mrefu wenye kulabu, ule wa kuangushia mapapai. Alikuwa akikwangua matawi, moja baada ya jingine, na maua yalimwagika kwenye leso: madogo, ya manjano, yenye mishipa myekundu. Sikuwahi kuyaona kabla ya siku hiyo.

"Susu, unafanya nini?"

"Nachuma mboga."

"Mboga juu ya mkwaju?"

"Mboga ni za anayepika. Wewe rudi ukasome."

Mama alitoa kichwa mlangoni mwa jikoni. "Mwambie tu, mama. Ameshazichosha sufuria zangu na hiyo hadithi ya sabuni."

Susu alikuwa akifanya hivyo tangu mti ulipochanua mara ya kwanza. Mimi nikiwa shule ya bweni, yeye alikuwa hapa na ufito wake, kila msimu. Alianza nyuki wakiwa bado na baridi, akakung'uta leso kwa mbuzi, wakala ushahidi wote.

Nilikasirika. Nilisema ameniharibia jaribio langu. Nilisema angeuacha uzae, angeona mwenyewe kwamba sifi.

"Na kama ningeona vingine?"

"Usingeona vingine."

"Haya. Mimi nikikosea, nimepoteza maua," susu akasema, huku akikunja leso. "Wewe ukikosea, utamwambia nani kwamba umekosea?"

Nilikuwa na jibu, nilikuwa na majibu hata matatu, lakini yote yalihitaji niwe hai ili niyaseme.

Mti ukaendelea kwenda juu. Bega la susu likaanza kukataa, na mwaka jana hakuweza tena kuinua ufito kupita kichwa chake. Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi baada ya kuacha kazi nyingine. Mama alikuwa akipanda miche mipya kutoka Tawa, na susu alikuwa kwenye kigoda akimwelekeza kama vile naye kwao ni vilimani. Ghafla akaniita.

"Mke mwenzangu, njoo uchote udongo hapa shinani mwa mkwaju. Kwa mkono, si kwa jembe."

Nilichota. Akafungua kiganja chake, nikammwagia. Akauinamia mti polepole, akaurudisha udongo ule mahali pake, akaukandamiza kwa kiganja kama anayepanda mche. Kisha akatema mate kidogo kwenye shina, kama wazee wa kwetu wanavyombariki mtoto anayeondoka kwenda safari.

"Umeona? Nani ameupanda sasa?"

"Wewe, susu," nikasema nikicheka. Kwangu ulikuwa mchezo wa kumpendeza mzee. Alinyoosha mgongo akapangusa mikono, na uso wake ulikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Mama hakucheka. Aliacha mche wake ukiwa umelala, akaingia jikoni.

Nilielewa nikiwa kwenye basi, nikirudi mjini: mpandaji sasa alikuwa yeye. Nilijaribu kuiondoa fikra ile kwa hesabu zangu za zamani. Nani alihesabu? Wangapi walipanda wakaishi? Hesabu zilikuwa sawasawa kama zilivyokuwa siku zote. Tofauti ni kwamba zamani nilikuwa nikizifanya kwa ajili ya mwili wangu mwenyewe, ambao sikuwahi kuuhofia.

Mvua zilipokuja, nikarudi nyumbani. Mkwaju ulikuwa umechanua hadi kileleni, nyuki wanavuma ndani yake kama redio iliyopoteza stesheni. Niliweka ngazi ya baba kwenye shina kabla ya chai. Nilijiambia nakwenda kukagua wadudu. Nilikuwa nimeshajaza mfuko wa sweta maua nilipomsikia mama chini.

"Unafanya nini huko juu?"

"Nachuma mboga."

Mama alishika ngazi kwa mikono miwili ili isiteleze.

Lakini susu naye alikuwa ameamka. Alikuja na fimbo yake, akasimama katikati ya matunda damu.

"Shuka kwenye mti wangu."

"Susu, hata wewe ulikuwa unachuma."

"Nilikuwa nachuma ya kwako. Haya ni yangu. Maisha yangu yote nimeokota ukwaju wa nyani, na mwaka huu nataka kula wa nyumbani. Shuka, mke mwenzangu, kabla sijatikisa hiyo ngazi."

"Kwani unaamini, ama huamini?"

"Naamini njaa. Shuka."

Nilishuka. Matawi ya juu yalibaki na maua yake, na baada ya wiki kadhaa yakafunga, maganda membamba ya kijani yaliyojikunja kama vidole vya mtoto. Kazi niliyokuwa nimeahidiwa Nairobi sikuifuata. Nikawa mtu wa kumwagilia matunda damu ya mama. Asubuhi nilisikiliza kwanza mlango wa susu ukifunguliwa, ndipo nikatoka kuutazama mti.

Juzi alitaka nimwangushie moja. Nilichukua ufito wake. Alilipangusa ganda kwenye leso, akalichovya kwenye chumvi kama watoto wa shule, akaliuma. Macho yake yote mawili yalijifumba, bega lake bovu likapanda lenyewe hadi sikioni.

"Bado," alisema, akatema, akanyoosha mkono kwenye chumvi aume tena.

Sikumwuliza ukwaju utaiva lini.