Nenosiri la Wanawake Watatu

Kushuku watu sikufundishwa na mtu. Hata maziwa ya jirani nayanusa kwanza ndipo nashukuru. Kwa hivyo chama chetu cha akina mama wa majani chai, hapa Kibugu, kiliponichagua katibu, nilijua wamepata mlinzi.

Zamani tulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo zilikaa kwa wanawake watatu, ili mmoja asilifungue peke yake. Ndani mlikuwa na nakala za vitambulisho, namba za akaunti za benki na sahihi za wanachama wote. Panya walipoanza kuzitafuna, niliwashawishi tuziweke kwenye hifadhi ya mtandaoni, ile inayofungwa kwa nenosiri hata wenye kampuni wasiweze kuzisoma. Wakakubali, mradi desturi ya kufuli tatu isivunjwe. Nenosiri tukaligawa vipande vitatu. Mwenyekiti aliandika chake kwenye simu yangu, akafuata mweka hazina, kisha mimi, na wasioandika wakitazama ukutani.

Mweka hazina alikuwa mjane, rafiki ya marehemu mama yangu. Ndiye aliyenivisha siku ya harusi. Bado nilimshuku. Zamu yangu ikifika, niliona shingo yake inakawia kugeuka.

Basi mwanachama mmoja akapigiwa simu na mtu aliyejidai wa benki. Alimsomea namba ya kitambulisho na ya akaunti bila kukosea, akataka sasa namba ya siri. Woi! Tuliingiwa na baridi. Mimi sikungoja. Mkutano uliofuata nilisimama nikasema, "Kuna mtu hapa huonekana Embu mjini hotelini na vijana tusiowajua. Lisemwalo lipo." Kila mtu alijua namsema mweka hazina.

Alinitazama. "Kwa hivyo mimi ni mwizi. Miaka yote nimeshika ufunguo, leo ni mwizi. Haya, kipande changu siandiki. Fungueni bila mimi."

"Haifunguki bila wewe, mama. Ndiyo maana tunauliza," nikamjibu kwa kiburi. Na ili wote waone, niliinua simu juu nikaigusa ile hifadhi.

Ikafunguka.

Vitambulisho vikajipanga kwenye kioo, sura za akina mama wenyewe. Simu ilikuwa imehifadhi nenosiri lote, vipande vyote vitatu. Mara ya mwisho tulipoliandika iliniuliza kama ilikumbuke, nami nikabonyeza ndiyo bila kusoma, jinsi ninavyobonyeza kila kitu. Na baada ya hapo simu hiyohiyo niliiacha siku nzima kwa fundi, Majengo kule Meru, na namba ya kuifungulia nikamwandikia kwenye karatasi! Kama ni yeye aliyezitoa zile namba, sijui.

Macho yote yalinigeukia. Mwenyekiti akavuta mkoba wake karibu. Niliona aibu. "Haki ya Mungu, sijawahi kuifungua peke yangu," nikasema, na hata mimi nilijisikia ninaongea kama mwizi.

Aliyenitetea ni mweka hazina. "Mwacheni," akasema akifunga leso yake. "Huyu namjua tangu akibebwa mgongoni. Hawezi kuiba. Ni mdomo tu."

Kisha akatoka. Nimekwenda kwake mara kadhaa kuomba msamaha. Hunipa chai, huniuliza habari za watoto, na nikiaga hunisindikiza hadi langoni. Chamani hajarudi.